Neno la Wazi na Neno la Sitara Katika Ufuko wa Ilemela

Zamani, pamba ikisha kuchumwa na mtama kuingia vihengeni, nchi ya Usukuma ilikuwa na msimu wake wa kusema. Kuanzia Juni hata Agosti, toka Igombe na Kayenze huku Ilemela, Mwanza, iliko mitumbwi ya wavuvi mpaka Buswelu, na kutoka hapo kuingia bara kuelekea Magu na Kwimba, vijana waliweka majembe wakashika ngoma, na kila kundi likatafuta kundi la kushindana nalo. Wala haikuwa tabu kumpata mshindani, kwa maana wachezaji walikuwa wamegawanyika pande mbili kubwa, Bagika wajinasibuo na Ngika na Bagalu wajinasibuo na Gumha, mabingwa wawili wa dawa ambao ushindani wao haukufa walipokufa wenyewe. Uwanja ulikuwa mmoja, ngoma mbili, na zilipigwa kwa wakati mmoja. Hakuwapo hakimu wa kukaa kitini na kuandika alama. Umati wenyewe ulihukumu kwa miguu yake: ukavutwa na upande huu, ukachoka, ukahamia upande ule, ukarudi tena, na jua lilipokuwa likizama ziwani, aliyekuwa na watu wengi mbele yake ndiye aliyekwenda kwao na ushindi.

Kiini cha mashindano hayo, ghairi ya dawa na madoido ya mwili, kilikuwa neno. Mtungaji wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi, alikuwa mtu wa kupendwa na kuogopwa pamoja, maana mwaka mzima alikaa akisikiliza: nani amemdhulumu mjane shamba, mzee gani amekula ng'ombe wa posa na kumnyima kijana mke, mtemi gani anapenda kutoza kuliko kuamua, na msimu ulipofika aliyatoa yote hadharani, kwa jina au kwa dalili iliyokuwa wazi kama jina, huku kundi zima likimwitikia na ngoma ikiyasindikiza maneno yake mpaka yakaingia katika vinywa vya watoto. Neno ambalo mtu angelisema barazani likamletea uadui wa miaka, aghalabu lilipita likiimbwa uwanjani. Na mpinzani wake, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, alikuwa na ngoma yake, na watu wake, na pumzi ya kujibu papo hapo.

Nimelitaja jambo hili mwanzo kwa makusudi, kwa sababu nasikia siku hizi watu wazima, wenye elimu yao, wakisema kwamba kunena waziwazi mbele ya hadhara ni ada ya kigeni tuliyoletewa na magazeti na vyama vingi, na kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kufumba na kunyamaza mbele ya wakubwa. Ufuko huu wa Ziwa Victoria hauwezi kuitoa shahada hiyo. Walichokuwa nacho wazee wa hapa si ukimya. Walikuwa na mipaka, na mipaka ile ilikuwa ya wakati na ya mahali: yako maneno ya uwanjani na yako ya nyumbani, uko msimu wa kumtaja mtu na uko msimu wa kumsitiri, na atajwaye hakunyimwa nafasi ya kujibu. Kadhalika ulikuwapo utani, ambao Wanyamwezi na Wasukuma waliukuza katika safari za misafara ya kwenda pwani, wakapata watani miongoni mwa Wazaramo na Wazigua. Na mpaka leo, msibani, wakati ndugu wa marehemu hawana kauli ila machozi, mtani huweza kusimama mbele ya jeneza akasema kwamba bwana huyu alikuwa mchoyo, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio bila mtu kuona kwamba heshima imevunjwa.

Wamisionari wengi walizichukia ngoma zile za mashindano. Mmoja aliyezipenda alikuwa Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye katika miaka ya 1950 pale Bujora, Kisesa, aliiingiza ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, ambayo Wasukuma huiita Bulabo, na Bagika na Bagalu wakaendelea kushindana chini ya kivuli cha kanisa.

Serikali ya Kiingereza nayo haikuziogopa sana nyimbo, pengine kwa kuwa maofisa wake wengi hawakuzifahamu. Iliogopa hotuba na maandishi. Basi mahali pamoja pa mapema ambapo neno la wazi la Mwafrika liligongana na wenye nguvu katika nchi hii hapakuwa mkutano wa siasa. Palikuwa mezani pa mizani.

Mkulima alitoka nyumbani alfajiri na mzigo wake wa pamba, akafika kwa mnunuzi jua limepanda, akapanga foleni. Mzigo ukawekwa juu ya mizani, mnunuzi akatazama, akataja namba, akahesabu fedha. Mkulima hakuwa na njia ya kuijua namba ile ila kwa kinywa cha yule yule aliyefaidika nayo. Kila mtu katika foleni alijua kwamba mizani hupunjwa, na kila mtu alilisema neno hilo njiani, nyumbani na kilabuni. Mezani pale hakuna aliyelisema, kwa sababu asemaye angerudishwa na pamba yake. Kuanzia mwaka 1950 wakulima wa Ukerewe na sehemu nyingine za Jimbo la Ziwa walifanya jambo jepesi lililokuwa na nguvu kuliko maasi: wakachanga fedha, wakaajiri watu wao wenyewe wanaojua kusoma, wakawaweka kando ya mizani za wanunuzi, ili namba ikisomwa isomwe mara mbili, na ya pili isomwe kwa sauti. Hivyo ndivyo ulivyoanza ushirika wa pamba ambao Paul Bomani, kijana aliyetokea katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa mji wa Mwanza, aliuongoza mpaka mwaka 1955 ukawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya Waafrika katika bara zima. Mimi huona kwamba yule msomaji wa mizani, asiyejulikana jina, mwenye kalamu sikioni na daftari mkononi, anastahili kukumbukwa kuliko wasemaji wengi waliokuja baada yake, maana kazi yake nzima ilikuwa kulitaja waziwazi lile ambalo kila mtu alikuwa akilijua kwa siri.

TANU, chama cha kupigania uhuru, kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Kabla ya mwaka kwisha, serikali ilikataa kuliandikisha tawi la chama hicho la Mwanza, na kwa takriban miaka minne, ilhali watu wa majimbo mengine wakihutubiwa viwanjani, Usukuma ulikaa bila ruhusa ya kusikia. Sababu zilizofanya serikali iogope zilikuwa dhahiri: sheria za kilimo zilizowalazimisha watu kulima matuta ya namna fulani, amri za kupunguza ng'ombe katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mahari, akiba na jina la mtu, pamoja na mabaraza ya rangi zote ambayo wananchi hawakuyaomba. Hapo ndipo mafumbo yalipopata kazi mpya. Saadani Abdu Kandoro, mshairi aliyeitumikia African Association na kisha TANU katika Kanda hii ya Ziwa, alitunga shairi la siafu na nyoka, siafu wadogo waliokazana kumshinda nyoka, na hapakuwa na msikilizaji aliyedhani kwamba linahusu wadudu. Nalisifu shairi hilo, walakin sisahau kwamba fumbo la namna hiyo ni la mtu aliyezibwa kinywa. Ningi wa uwanjani alifumba kwa ajili ya utamu wa lugha. Mwanasiasa wa mwaka 1955 alifumba kwa ajili ya polisi. Kwa nje mafumbo hayo mawili hufanana, na nadhani kufanana huko kumetudanganya tangu siku hizo, hata tukaja kuiita hofu ya watawala kwa jina la adabu.

Mwaka 1958 kinywa kilifunguka. Watu wa Geita, waliolikataa baraza la rangi zote, walikuja kwa wingi hata Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakapiga kambi, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Lakini baraza lile halikusimama tena. Mwaka huo huo, Dar es Salaam, Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa, alishtakiwa kwa kosa la kashfa kwa sababu ya makala yaliyotoka katika Sauti ya TANU, yaliyowatuhumu Mabwana Shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, kwamba wanatumia sheria vibaya kuwatesa wananchi. Wakili Mwingereza, D. N. Pritt, alikuja kumtetea. Hakimu alimtia hatiani, akamhukumu faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Maneno aliyoyaandika yalikuwa yakisemwa katika kila jiko la nchi. Kosa lake lilikuwa kuyatoa jikoni.

Uhuru ulipokuja, chama kilimfundisha mwanachama wake kuahidi kwamba atasema kweli daima na kwamba fitina kwake ni mwiko. Ahadi mbili hizo ziliwekwa pamoja, na nadhani waliozitunga walijua ugumu wake, kwani mara nyingi ukweli wa mnyonge huitwa fitina na mwenye nguvu. Uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ulijaribu kuupatia ugumu huo kanuni. Wagombea wawili, mmoja na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, walisimama jukwaa moja mbele ya watu wale wale. Walikatazwa kutumia kabila, rangi wala dini kujipendekeza au kumchafua mwenzake. Kisha watu wakawaamua. Msomaji aliyeukumbuka uwanja wa ngoma hatapata tabu kuutambua uwanja huu: mahali pamoja, sauti mbili, umati unaohukumu. Na umati ulihukumu kweli kweli. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, shujaa wa mizani, alishindwa nyumbani kwao huku Mwanza, na ingawa Rais Nyerere alimrudisha serikalini, wapiga kura walikuwa wamelisema neno lao, na nchi haikuvunjika.

Katika miaka hiyo mtu mkubwa na mdogo waliitwana ndugu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi, majivuno na dharau kwa wananchi, na ziko habari nyingi, hasa za viwandani, za wafanyakazi walioushika mkononi wakamsimamia meneja wao aliyewatukana. Baadaye, vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, tulitarajia maneno yawe wazi zaidi. Badala yake ndugu alififia na mheshimiwa akashika kiti chake. Leo ukihudhuria mkutano wa hadhara katika viwanja vya Ilemela, iwe Buswelu yaliko makao ya manispaa iliyoanzishwa mwaka 2012, au Kirumba, utasikia wakubwa wakitajwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao mpaka jua likuchome utosini, na anayetaka kufupisha husema itifaki imezingatiwa. Kisha linakuja neno changamoto. Maji hayatoki wiki ya tatu: changamoto. Dawa hazipo zahanati: changamoto. Njaa huitwa upungufu wa chakula, bei haipandi bali inarekebishwa, na wamachinga waliobomolewa vibanda wamepangwa vizuri. Neno changamoto lenyewe ni zuri, linasikika kama ndugu wa uchangamfu, na ndiyo maana linanisikitisha kuliona likifanywa shuka la kufunikia kila kidonda. Mwananchi aliyesimama kuuliza juu ya maji anaketi amejibiwa kwa upole, na ndoo yake ni tupu vile vile.

Hata hivyo sitaki nieleweke kwamba kila neno la sitara ni la uongo, kwa maana ufuko huu huu umetufundisha kinyume chake, tena kwa damu. Tangu mwaka 2006 na 2007, katika Mwanza, Shinyanga na mikoa ya jirani, watu waliozaliwa bila rangi ya ngozi walianza kuwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, ambavyo waganga waliviuza kwa watafuta mali wa madini na wa samaki. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Watu hao waliitwa zeruzeru, jina lililomweka mtu jirani na mizimu. Ilisemwa kwamba hawafi bali hutoweka, na usemi huo ulikuwa kana kwamba umetengenezwa kwa ajili ya muuaji, kwa kuwa atowekaye hana kaburi, na asiye na kaburi hana kesi. Biashara ilipochacha, wahuni wa mitaani walianza kuwaita dili, wakiwapigia kelele watoto waendao shule. Hilo nalo, kwa kipimo cha wapendao kusema ovyo, lilikuwa neno la wazi. Mtoto aliyelisikia aligeuka akarudi nyumbani.

Kwa hiyo watu wenye ulemavu walipodai waitwe watu kwanza, mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu, hawakuwa wakitaka kubembelezwa. Lugha yetu ya zamani iliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika umbo la jina moja na kiti na kijiko, na ijapokuwa sarufi huwarudishia utu wao katika kitenzi, kwamba kipofu anakuja wala hakiji, sikio la mtoto huanza na jina. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshika njia hiyo. Wapo wanaoona uzito kutamka maneno matatu badala ya moja. Mimi naona ni zaka ndogo mno.

Lakini tazama ni nani aliyeyafichua matoweko hayo. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, mwandishi wa habari wa BBC, alijifanya mteja akaenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, akasikia kwa masikio yake wakitaja bei za viungo vya binadamu, kisha akayatangaza, na kwa kuyatangaza alitishwa hata ikambidi ajifiche. Mwaka huo huo Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa na Rais kuingia Bungeni, na mwaka 2010 Salum Khalfani Barwany alichaguliwa na watu wa Lindi. Neno la sitara lilimfunika mtoto; neno la wazi lilimfunua muuaji. Yalifanya kazi pamoja, kila moja upande wake, na ambaye angeyabadilisha nafasi, akawaita waganga wataalamu wa jadi na mtoto dili, angeyaharibu yote mawili.

Nabakiwa na habari ya mapanki. Sangara, samaki aliyeingizwa Ziwani katika miaka ya 1950 na kuja kuwa mali ya Mwanza miongo mitatu baadaye, huingia kiwandani mzima na kutoka sehemu mbili: mnofu, ambao hupakiwa kwenda Ulaya, na panki, yaani kichwa na mfupa wa mgongo na nyama chache zilizoshikamana na miiba, ambalo hubaki kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, aliyoipiga hapa hapa, uwanja wa ndege ulioko Ilemela na mitaa ya wavuvi, akaonyesha ndege zikiondoka na minofu na watu wakila mapanki, na akadokeza kwamba ndege zile huja na silaha. Filamu ikapata tuzo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani katika hotuba yake akiwa Mwanza, kwamba imelichafua taifa, na maandamano ya kuipinga yakafuata mjini. Waliokuwa wamesema mbele ya kamera walitazamwa kama wasaliti. Hata Ufaransa ugomvi ulifika mahakamani, ambapo mwanahistoria François Garçon, aliyedai kwamba filamu ile ni ya udanganyifu, alitiwa hatiani kwa kashfa mwaka 2008.

Nimeitazama filamu hiyo zaidi ya mara moja. Katika habari ya silaha mtengenezaji alidokeza pasipo kuthibitisha, na kudokeza jambo zito namna ile juu ya mji wa watu si kusema wazi. Ni fumbo jingine, na waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini katika habari ya mapanki alionyesha kilichopo. Tukaanza kubishana sisi kwa sisi, watu tuliokulia hapa, kama mapanki ni chakula cha watu ama cha kuku, na wakawapo waliosema kwa sauti kubwa kwamba hakuna Mtanzania alaye mifupa, wakidhani wanaitetea heshima ya maskini, kumbe wanamwondoa maskini katika picha. Heshima gani hiyo, ya kumkana mtu chakula chake mbele ya wageni?

Jioni moja nilikwenda Kirumba, karibu na Mwaloni, wakati dagaa wanaanuliwa na malori yanapakia. Mama mmoja alikuwa ameketi nyuma ya karai kubwa lililokaa juu ya mafiga, mafuta yakichemka, na ndani yake vichwa vya sangara vikigeuka rangi kutoka nyeupe kuwa ya dhahabu, mfupa wa mgongo ukiwa umekunjika kufuata mviringo wa chombo. Moshi ulimwingia machoni, akawa anaupunga kwa kipande cha boksi. Vijana wawili wapakuzi wa mizigo walikuwa wamechuchumaa kando, wakinyonya miiba na kuitema, na hawakuwa na haraka.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Unauza nini leo?”

Alinitazama kama mtu aulizwaye jina la Ziwa lililo mbele yake. “Mapanki,” akasema. “Ya leo leo. Nikuwekee kichwa au mgongo?”

Nikasema kichwa. Akakiopoa kwa chuma, akakitingisha mafuta yadondoke, akakiweka juu ya gazeti, akanyunyiza chumvi, akasogeza kopo la pilipili upande wangu, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa amesimama nyuma yangu na shilingi zake mkononi.